Adabu ya Kubakiza

Barabara ya Mbeya kwenda Makongolosi hupanda kwanza ndipo ishuke. Ikishatoka mjini inapenya kwenye misindano ya shamba la miti la Kawetire, inatokea juu ya safu ya milima ya Mbeya ambako upepo hauna wa kuuzuia, kisha inateremka kuelekea Chunya. Kadiri unavyoshuka ndivyo hewa inavyozidi kupata joto na miombo inavyozidi kusogelea lami, mpaka unaingia Makongolosi, mji wa dhahabu, wenye bodaboda, makarasha yanayonguruma na vumbi la mawe yaliyosagwa. Katika safari hiyo moja abiria amepita kwenye nyasi za vilele, nyasi za chini ya miti na nyasi za mabondeni. Akiulizwa njiani kaona nini, atataja milima, atataja misitu, labda na ng'ombe waliokatiza barabara. Nyasi hatazitaja.

Si ajabu. Jicho la binadamu hupenda kilichosimama wima au kinachong'aa, na nyasi hazina hata sifa moja kati ya hizo. Anayefika Makongolosi huulizia dhahabu. Mkulima huulizia bei ya tumbaku. Mama ntilie huulizia mkaa. Anayeulizia nyasi ni mfugaji peke yake, naye mara nyingi huhesabiwa mgeni hata kama kitovu chake kimezikwa papo hapo. Ila ukifunua sufuria za mji huo huo utakuta mahindi ni jamii ya nyasi, mpunga ni nyasi, mtama na ulezi ni nyasi, na sukari ya chai imetoka kwenye muwa, ambao nao ni nyasi. Maziwa na nyama ni nyasi zilizopitia tumboni mwa ng'ombe. Tunazila asubuhi, mchana na jioni, halafu tunaita mahali zinapoota pori lisilo na kazi.

Dharau hiyo si ya watu wa Nyanda za Juu Kusini peke yao. Nyanda za malisho, ukijumlisha nyasi, vichaka na nusu jangwa, zinachukua zaidi ya nusu ya nchi kavu ya dunia, na ripoti iliyotolewa mwaka 2024 chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na kuenea kwa jangwa ilikadiria kuwa hadi nusu ya nyanda hizo zimechakaa. Kwa pendekezo la Mongolia, nchi ya wafugaji, Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Msitu ukikatwa dunia hupiga kelele. Nyika ikitoweka huwa tunasema ardhi imeendelezwa.

Ili kuelewa kinachopotea, inafaa kuinama. Mwezi Septemba, moto ukishapita kwenye nyasi kavu za Chunya, chagua shina moja ulichunguze. Juu yake ni majivu. Pembeni kuna vijiti vifupi vyeusi ambavyo ukivigusa vinavunjika. Lakini katikati, usawa wa udongo, zimechomoza ncha za kijani zisizofika urefu wa ukucha, na mvua bado. Huku mvua hungojwa hadi Novemba. Zimepata wapi nguvu? Mti hukua kwa ncha za matawi yake, ukiukata juu unausumbua. Nyasi zimeficha sehemu yao inayokua chini, karibu kabisa na ardhi, na sehemu kubwa ya mwili wao ni mizizi isiyoonekana. Ng'ombe akila, ameondoa jani. Moto ukipita, umeondoa majani yaliyokwisha kufa na kuruhusu jua lifike chini. Nyika imezoea jino na moto tangu kabla binadamu hajaingia duniani.

Kwa hiyo nyasi haziuawi na kile tunachodhani kinaziua. Vifo vyake ni vitatu: kupinduliwa udongo, kunyimwa mapumziko, na kufunikwa kivuli. Vyote vitatu viko kati ya Makongolosi na Iringa, na kila kimoja kina somo lake.

Tuanze na udongo. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 kukawa na rashi kubwa iliyoleta wachimbaji kutoka kila upande. Dhahabu ya wakati ule ilipatikana zaidi mabondeni, kwenye mchanga na kokoto za vijito, kwa sababu maji huibeba kutoka milimani na kuiacha pale yanapopunguza kasi. Nyasi nzuri za nchi ya miombo nazo ziko hapo hapo. Bonde linalotuama maji wakati wa masika halioti miti. Huota nyasi, na ndilo hubaki na unyevu hadi kiangazi kirefu kinapokaza. Mbuga hizo ndogo ndogo kati ya miti ndizo hifadhi ya maji ya wilaya nzima. Bahati mbaya yake ni kwamba mto umezika dhahabu chini ya malisho.

Siku hizi wachimbaji wengi wadogo hufuata mwamba. Duara, yaani shimo la kuchimbia, linashuka, kuta zake zinashikiliwa kwa matimba yaliyokatwa kwenye miombo, mawe yanapandishwa, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa, na dhahabu inanaswa kwa zebaki. Angalia mdomo wa duara lililoachwa. Udongo wa chini, mwekundu au mweupe, usio na rutuba, ndio uliolala juu. Udongo mweusi wa juu, uliojengwa na mizizi ya nyasi kwa karne nyingi, umezikwa chini yake. Misimu inapita, na kinachoota juu ya tuta lile ni magugu. Tumbaku nayo ina namna yake: shamba linafunguliwa, kuni za mabani ya kukaushia majani zinatafutwa, mwaka ukiisha linafunguliwa jingine. Kule Iringa, mabonde yenye unyevu yamegeuzwa vinyungu vya mboga na mahindi ya kiangazi, na bonde likishachimbwa mifereji hadi katikati, kijito kinachotoka humo hupungua.

Dunia imeonja kifo hiki mara nyingi. Marekani walilima nyanda zao za kati kwa matrekta, ukame wa miaka ya 1930 ukaja, na vumbi la mashamba likapeperushwa hadi miji ya pwani ya mashariki. Brazil imekwisha kufyeka karibu nusu ya nyika yake ya Cerrado, kwa soya na malisho ya kupanda. Sisi nasi tulipata darasa letu. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliingia Kongwa, Urambo na Nachingwea na matrekta ya kulima karanga, ikapoteza takriban pauni milioni 36. Kongwa mvua ilikuwa haba na udongo uliopinduliwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Leo Kongwa kuna ranchi ya taifa ya ng'ombe. Baada ya gharama yote ile, ardhi ilirudishiwa kazi inayoiweza.

Simlaumu mwenye kuchimba. Dhahabu ya Chunya imejenga nyumba, imelipa ada, imelisha watu ambao shamba lisingewalisha. Swali langu ni dogo zaidi: kati ya wote wanaofaidi duara, nani ana wajibu wa kurudisha udongo mweusi juu? Mwenye leseni? Mwenye karasha? Mnunuzi anayeondoka na kipande cha manjano mfukoni? Swali likikosa mtu wa kulijibu, linajibiwa na nyasi kwa kutoota.

Kifo cha pili ni kunyimwa mapumziko. Magharibi ya Makongolosi, kwenye nyanda zilizozunguka Ziwa Rukwa, alifanya kazi mtafiti aitwaye Desmond Vesey-FitzGerald, aliyekuwa katika huduma ya kudhibiti nzige wekundu, maana nyasi za bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio makuu ya nzige hao. Mwaka 1960 alichapisha alichokiona kwa wanyama: hawali ovyo, wanakula kwa zamu. Tembo huingia kwanza kwenye nyasi ndefu, akizila na kuzikanyaga. Nyati humfuata akazishusha zaidi. Ndipo nyamera na wengine wadogo hupata majani mafupi, laini, ambayo wasingeyafikia peke yao. Kisha maji ya mafuriko hupanda, wote huondoka, na nyasi hupumua. Kila mmoja anakula, na kila mmoja anaondoka. Bila kuondoka, zamu haipo.

Wafugaji wa kale walilijua hilo bila kitabu. Wasukuma wana ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa masika yote, ng'ombe wasikanyage, ili ifunguliwe kiangazi kikishika. Katika mkoa wa Shinyanga desturi hiyo ilikuwa karibu kufa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu, na ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimefufuliwa zaidi ya hekta 300,000. Waliofanya kazi hiyo ni wanavijiji waliokubaliana kutogusa kitu kilichokuwa mbele ya macho yao, kijani, huku mifugo yao ikilia. Hiyo ni nidhamu ngumu kuliko kupanda.

Lakini ngitili huhitaji mahali. Anayejua kwamba kesho atafukuzwa hawezi kufunga malisho yake leo. Wasukuma wengi waliohamia kusini, Usangu, Rukwa na Chunya, walikuja na ng'ombe, wakaacha nyuma ardhi ambayo makubaliano yale yaliota mizizi. Wamefika kwenye nchi ya watu wengine, wenye mashamba, wenye machimbo, wenye mapori ya akiba. Wanapewa mahali kwa mdomo na kuondolewa kwa barua. Halafu tunashangaa kwa nini wanalisha kama wasafiri.

Usangu ndiko jambo hili lilikotuumbua wote. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima tangu watu wakumbuke, ulikauka kiangazi kwa mara ya kwanza mwaka 1993 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mabwawa ya Mtera na Kidatu yalitegemea maji hayo, umeme wa taifa ukahusika, na mwenye hatia akatafutwa. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda kwenye mashamba, hasa ya mpunga. Walioondolewa kwa nguvu kuanzia Mei 2006 walikuwa zaidi wafugaji, na maelfu kwa maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kwenda Lindi na kwingineko. Wengi wa wanyama hao hawakufika. Mwaka 2008 bonde la Ihefu na sehemu kubwa ya Usangu likaingizwa kwenye hifadhi.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Usangu methali hiyo inageuka, kwa sababu pale fahali hawakupigana juu ya nyasi. Walizipigania nyasi zenyewe, na maji yaliyomo ndani yake. Mkulima, mfugaji, hifadhi na bwawa la umeme, kila mmoja alikuwa na hoja ya kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: mimi nitaanza kupunguza. Na aliyelazimishwa kupunguza akawa yule asiye na hati wala wakili.

Kifo cha tatu ndicho kigumu kukisema, maana kimevaa nguo nyeupe. Ni kivuli. Kwetu mti ni fadhila. Anayepanda mti hupigwa picha, anayepanda mingi hupewa cheti. Kila halmashauri ya Tanzania iliwekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na kwa Chunya, palipokatwa miombo kwa ajili ya mabani na mkaa, ni haki na lazima. Kasoro huanza tunapotafuta nafasi ya kupanda na macho yetu yakaangukia mahali ambapo miti haikuwahi kuwapo.

Mufindi inatupa mfano. Shamba la miti la Sao Hill, lenye eneo linalozidi hekta 130,000, lilianza kwa majaribio mwaka 1939 na kutanuka hasa miaka ya 1970. Vilima vile vilikuwa vya nyasi, na misitu ya asili ilijibana kwenye makorongo yenye unyevu. Siwezi kulikejeli shamba hilo: mbao za Mafinga zimeezeka nusu ya nchi na karatasi ya Mgololo ilitoka humo. Mwananchi wa Mufindi, Njombe au Makete aliyepanda ekari mbili za misindano au milingoti ameweka akiba ya kumsomesha mjukuu. Lakini tuwe wakweli juu ya tulichonunua na bei tuliyolipa. Chini ya misindano iliyobanana nyasi hufa kwa kukosa jua, na maua, ndege na wadudu wao huondoka nazo. Vijito navyo hupungua, kwa kuwa mti unaokua haraka hunywa mwaka mzima wakati nyasi hulala kiangazi. Afrika Kusini walilipa jambo hilo uzito wa sheria: tangu Sheria ya Maji ya mwaka 1998, shamba la miti la kibiashara linahesabiwa kuwa mtumiaji wa maji, kama anavyohesabiwa mwenye kumwagilia.

Siku hizi kivuli kinalipiwa pia na hewa ukaa. Nchi za Afrika zimeahidi, chini ya mpango wa AFR100 ulioanzishwa mwaka 2015, kurejesha hekta milioni 100 za ardhi iliyochakaa. Wanasayansi waliopitia ahadi hizo walionya mwaka 2024 kwamba eneo linalokaribia ukubwa wa Ufaransa, lililolengwa kurejeshwa kama msitu, si msitu kwa asili. Ni savana na nyika. Huko ni kumtibu mtu mzima kwa ugonjwa wa jirani yake. Tena nyasi huhifadhi sehemu kubwa ya kaboni yake chini ya ardhi, mahali ambapo moto haufiki. Ya msindano iko juu, ikingoja kiberiti.

Juu ya Makete na Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, iko nyika ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412.9, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake ni okidi. Huko hakuna rashi ya dhahabu, lakini nyasi na maua yake yalifuatwa na jembe dogo kuliko yote. Viazi vya okidi husagwa, huchanganywa na karanga, magadi na pilipili, hupikwa hadi vishikane, vikaitwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Okidi za Zambia zilipopungua, wafanyabiashara walivuka Tunduma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka kwenye nyanda zetu kila mwaka.

Chimbua okidi moja utaona viazi viwili vimekaa pamoja. Kimoja kimenywea na kujikunja. Hicho ndicho kimelisha ua la mwaka huu. Cha pili kimejaa, ni kigumu, na ndicho ua la mwaka ujao. Sokoni hakuna anayetaka kilichonywea. Mchimbaji, awe kijana anayetafuta ada au mama anayetafuta chumvi, huuza mwaka ujao, na huuuza kwa bei ndogo.

Kwa mtu huyo tuna methali mbili zinazogombana. Moja inasema akiba haiozi. Nyingine inasema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mwenye shibe hupenda kumsomea mwenye njaa ile ya kwanza, naye mwenye njaa hujibu kwa ile ya pili, na wote wana haki. Ndiyo maana nakataa kugeuza kubakiza kuwa mahubiri kwa maskini. Kubakiza ni tabia ya jamii, na jamii huanza kwa wenye nafasi. Kampuni inayoondoka na dhahabu kwa magari haiwezi kupitwa kwa adabu na kijana wa duara. Mradi unaouza hewa ukaa hauwezi kupimwa kwa idadi ya miche peke yake. Hifadhi inayopanuliwa haiwezi kumhesabu mfugaji kama tatizo bila kumwonyesha mahali ambapo ngitili yake itadumu.

Vyombo vya kufanya hivyo tunavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakiwezesha kuipanga, na Sheria ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010 inatambua kwamba malisho nayo ni matumizi. Kinachobaki ni mkutano wa kijiji wenye ujasiri wa kuanza na swali lisilozoeleka. Kwa kawaida tunagawa: makazi hapa, shamba pale, leseni ya uchimbaji kule, miti kwenye mlima, na kilichosalia tunakiandika malisho. Tugeuze mpangilio. Tuulize kwanza ni bonde lipi halitapinduliwa, ni malisho yapi yatafungwa masika, ni kilima kipi kitaachwa na jua lake. Tukishakubaliana hayo, ndipo tugawane yaliyobaki, na tugawane kwa kushiba.

Mla leo ana haki ya kula, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwekea mkono mdomoni. Lakini haki hiyo inafika kwenye jani, inaishia kwenye udongo. Mzizi ni mali ya wale ambao bado hawajaketi mezani, na jamii inayojiheshimu huwawekea sehemu yao kabla haijanawa mikono.